Nyavu Zilizohamia Korogwe

Nilipoolewa Korogwe niliondoka Handeni na mikeka miwili, seti ya masufuria, cherehani yangu ya kukanyaga kwa mguu, na timu ya mpira ya wasichana. Mikeka ilishachakaa, masufuria yamebaki mawili yasiyo na mifuniko, cherehani ipo. Timu nayo ipo. Kila msimu anatokea mtu wa kuniuliza ilikuwaje timu iliyozaliwa kijijini Handeni ikawa ya Korogwe, nami humjibu kwa kifupi kwa sababu nina nguo za watu mezani. Safari hii nimeamua kujibu kwa kirefu.

Baba yangu alikuwa na jibu lake tangu mwanzo. Siku ya tatu baada ya harusi alinipigia simu kuuliza kama tumefika salama, halafu akasema, "Mahari niliyopokea ilikuwa ya mtu mmoja. Nasikia mmeondoka saba." Simu ilikuwa na sauti kubwa, wakwe zangu wakasikia, wakavunjika mbavu. Mimi nilimjua baba. Sikucheka.

Saba hao ni mimi na wasichana sita. Lakini nianzie nyuma kidogo.

Kijijini kwetu maji yalikuwa lambo moja, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi, na kazi ya kuyachota ilikuwa yetu sisi wasichana. Njiani kulikuwa na uwanja wa shule. Tukitoka lamboni jioni tulitua ndoo, tukapanga mbili huku na mbili kule, hayo ndiyo yakawa magoli, na tukacheza mpaka mama mmoja aje kututafuta. Tulivaa suruali za kulalia ndani ya sketi. Kocha hatukuwa naye. Tulichokuwa nacho kwa wingi ni ugomvi, maana goli la ndoo mbili halina shahidi: huyu anasema mpira umeingia, yule anaapa umepita pembeni, na nusu ya mchezo inaishia kwenye matusi. Mimi nilikuwa kipa, na kwa sababu nina hasira za karibu, matusi mengi yalitoka kwangu.

Baba alikuwa fundi wa kamba. Alinunua katani, zile nyuzi nyeupe zinazotoka kwenye jani la mkonge, akazisokota pajani na kuuza kamba za kufungia mbuzi, za kutekea maji na za vitanda. Alipita hapo jioni moja na mzigo wake begani akatukuta tumeshikana mashati kwa ajili ya bao. Alitua mzigo, akatusikiliza, akaudhika. Baba hakupenda kelele. Wiki iliyofuata alimwomba mwalimu ruhusa ya kusimamisha milingoti ya mikaratusi, akatundika nyavu mbili alizofuma mwenyewe, kila jicho likiwa na upana wa ngumi yake. "Sasa mpira utasema wenyewe," alituambia. Kabla ya nyavu tulikuwa wasichana wanaochelewesha maji nyumbani. Baada ya nyavu tukawa timu, watu wakaja kutazama, na baadaye tukaandikishwa kwenye ligi ya vijana ya wasichana ya mkoa.

Kufunga nyavu alinifundisha mimi, kwa kuwa kipa ndiye mwenye goli. Somo lake lilikuwa neno moja: kaza. Ng'ombe wa wafugaji walikatiza uwanja kwenda lamboni, na mwaka wa kwanza fahali mmoja alinasa pembe kwenye wavu uliolegea, akauburuta mpaka majini na mlingoti mmoja nyuma yake. Nusura baba na mwenye ng'ombe wapigane. Tangu siku hiyo tulifunga kwa kukaza hadi ukiigusa kamba kwa kidole inaitika. Mwenzangu katika kazi hiyo alikuwa beki wetu wa kushoto, msichana aliyefanya kila kitu kwa kushoto, kula, kupiga mpira, hata kufuma. Wavu ukikatika yeye ndiye aliyemsaidia baba kuuziba, na mafundo yake yalielekea upande wa pili, kinyume cha ya baba. Baba alimtania kwamba hata akiiba kamba usiku, asubuhi angejulikana.

Jambo moja kuhusu baba lazima nilieleze. Yeye si mtu wa Handeni. Alizaliwa Mnyuzi, kando ya reli huko Korogwe, katika kambi ya shamba la mkonge, mtoto wa manamba waliotoka mbali kufuata kazi na hawakurudi kwao. Alimwoa mama, Mzigua mwenye shamba lake la urithi, akahamia kwa mama, akasilimu, akajifunza Kizigua hadi kuota kwa Kizigua. Hata hivyo kijiji kilimwita mtu wa reli. Hawakumwonea, ni utani tu, lakini utani wa miaka thelathini unachosha. Habari za Mnyuzi hakuzitaja kabisa, ungedhani alizaliwa akiwa na ndevu. Timu ndiyo kitu cha kwanza kilichomfanya abadilishwe jina. Watu wakaanza kusema timu ya mzee wa nyavu. Nilimwona alivyokuwa akitembea siku za mechi, amevaa kofia yake ya Idi na kushika fimbo asiyoihitaji.

Kisha uwanja ukaondoka. Hakuna wa kulaumiwa. Watoto walikuwa wakisoma kwa zamu, darasa moja asubuhi hawa, mchana wale, na mkutano wa kijiji ukakubaliana kujenga madarasa mapya palipokuwa na nafasi. Nafasi ilikuwa uwanjani. Mimi nilinyoosha mkono kukubali, baba naye akanyoosha wake. Tukajaribu kucheza karibu na lambo, ni mawe matupu, wawili wakateguka vifundo vya miguu na mama zao wakawakataza. Mwaka huohuo wasichana sita walipata nafasi za sekondari Korogwe, na mimi nikaposwa na fundi pikipiki wa Masuguru, mtaa wa Korogwe. Ligi ilikuwa na sharti lake: timu isiyoleta wachezaji msimu mzima inafutwa. Nikapiga hesabu kichwani. Sita wako Korogwe, wa saba nitakuwa mimi, waliobaki tutawapata hukohuko.

Nilimwambia baba wakati wa chakula. "Baba, nataka kuihamishia timu Korogwe."

Akamega ugali, akatafuna, akameza. "Timu si mbuzi," alisema, akaendelea kula. Hakukubali wala hakukataa, na mimi nikajitia kuamini kwamba asiyekataa amekubali.

Beki wa kushoto hakuwa miongoni mwa wale sita. Hakufaulu, na mama yake alikuwa peke yake na shamba. Alikuja kunisaidia kufunga mizigo ya harusi, akakunja nguo zangu zote, mwisho akauliza, "Na mimi, dada?"

"Nikishatulia nitakuja kukuchukua," nilimwambia. Nilisema kama mtu anavyomwambia mgeni karibu tena huku ameshashika mlango.

Na nyavu nilizichukua Ijumaa, baba alipokuwa ameenda msikitini. Nilizitoa stoo, nikazikunja ndani ya mkeka, nikaufunga mkeka kwa kamba aliyoisokota yeye. Hakuniuliza.

Uwanja wa Korogwe tulioupata uko Old Korogwe, chini karibu na Mto Pangani, udongo mweusi laini, majani ya kijani hata kiangazi. Wasichana wangu wa Handeni walipouona mara ya kwanza walivua viatu. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mama wa Kisambaa, mnene, mcheshi, mwenye kauli. Alitupa uwanja kwa majaribio: tukicheza mechi yetu ya kwanza ya nyumbani vizuri, tutabaki nao, tukishindwa kuuandaa, atawapa wavulana waliokuwa wakimsumbua kila siku. Tukajaza nafasi zilizobaki kwa wasichana wa Masuguru na mmoja wa Mnyuzi. Jina la timu tukaliacha kama lilivyokuwa, jina la kilima cha kwetu, ingawa wageni hao walikuwa hawajawahi kukiona.

Baba alinipigia kila Jumapili. Aliuliza habari za mume, za cherehani, za wakwe. Timu hakuitaja. Ila kabla ya kukata, wiki baada ya wiki, aliuliza jambo moja.

"Huko mvua zimeanza?"

"Bado, baba."

Nikasikia kuku wa nyumbani. "Haya. Wasalimie."

Nilidhani anawaza mahindi.

Mechi ya kwanza ya nyumbani ilikuwa Jumamosi. Nyavu tulizitundika Ijumaa jioni, kwa sababu Handeni tulizoea hivyo: asubuhi ni ya kuchota maji, kazi ya uwanja inamalizwa jana yake. Nikakaza kama nilivyofundishwa. Nikapita huku na huku nikizigusa kwa kidole, zikaitika zote. Mmoja wa wasichana wa Masuguru alisema zimekazwa mno, mbona kama tunafunga mzigo wa lori. Nikamwambia akae kimya, nyavu hizi zina mwenyewe. Usiku vuli ikaingia, na mimi kitandani Masuguru niliisikia mvua juu ya bati nikafurahi kwa ajili ya bustani ya mkwe wangu.

Asubuhi nikakuta maafa. Kumbe katani ikinywa maji inavimba na kufupika. Sisi tulikotoka mvua ikinyesha siku mbili ni habari ya mwezi mzima, nani angelijua hilo? Nyavu zilikuwa zimejivuta kwa nguvu zote, na milingoti, katika udongo ule laini, ikazifuata. Goli la upande wa mto lilikuwa limelala nyuma, mtambaa panya, ule mti wa juu, umechomoka na kuning'inia kama mkono uliovunjika. La pili lilikuwa limevutwa chini, hata mtoto wa darasa la pili angeugusa mtambaa kwa kichwa. Wageni wetu walikuwa wameshafika, mwamuzi ameshafika, na mwenyekiti amesimama katikati ya uwanja na mwavuli wake.

"Watani zangu Wazigua!" alipaza sauti. "Hili ni goli au mtego wa ngedere?"

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Wazigua na Wasambaa ni watani, kwa hiyo sikuwa na haki ya kukasirika, na hilo likanikasirisha zaidi. Mwamuzi akatupa muda wa wageni kuvaa na kupasha misuli, baada ya hapo atapuliza filimbi ya kutupokonya pointi. Na uwanja nao ungekwenda na pointi.

Tulikimbilia mafundo. Fundo la katani iliyolowa ni jiwe. Nilivunja kucha tatu, nikauma kwa meno, nikaonja tope na mkonge. Msichana wa Mnyuzi alisimama pembeni, akasema kwa upole kwamba hayafunguki hayo mpaka yakauke, kwao kila mtu anajua. Nikamwuliza kwa nini hakusema jana. Akasema, "Dada ulimwambia mwenzangu akae kimya."

Begani nilikuwa na mkoba wangu, na ndani ya mkoba mkasi wa kukatia kitambaa, nilikuja nao kwa ajili ya namba za jezi. Niliutoa. Wasichana wa Handeni wakanitazama. Walijua kilichokuwa mkononi mwangu na walijua nyavu ni za nani, na mmoja wao akageuza uso. Nikakata. Nilikata mahali kumi na moja, na kila kamba iliyokatika ilirudi nyuma kwa kishindo kama mtu aliyepigwa kofi. Machozi yalinitoka na mvua ilikuwa imeshakatika, hivyo sikuwa na cha kusingizia. Nyavu tukazitupa nyuma ya goli, tukasimamisha milingoti, tukashindilia udongo kwa miguu, mechi ikachezwa.

Tulitoka sare, bao moja kwa moja. Bao letu la pili lilikataliwa, wageni wakiapa kwamba mpira ulipita pembeni, na wavu wa kushuhudia haukuwepo. Mwenyekiti alitupa uwanja vilevile. "Chezeni," alisema. "Ila hizo kamba zenu mzipeleke shule."

Jumapili baba alipopiga sikupokea, na ilinichukua siku tatu kumpigia. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga, yakapotea yote.

"Baba, nyavu nimezikata kwa mkasi."

"Kesho nakuja," akasema.

Alishuka kwenye basi na furushi la katani begani na kofia ya Idi kichwani. Hakutaka kupita nyumbani kwanza kunywa chai, mume wangu akambeba kwa pikipiki mpaka uwanjani. Akakaa kwenye majani, akazitandaza nyavu mapajani, akapitisha vidole kwenye zile sehemu kumi na moja. Kisha akaanza kuziba. Nilikaa mbele yake nikimpa nyuzi.

"Zilinywa maji," nilisema.

"Najua."

"Sikujua kamba ikilowa inafupika."

"Mimi najua. Nimezaliwa hapo Mnyuzi, nyuma ya korona, ile mashine ya kusaga mkonge. Katani nimeanza kuianika kabla sijajua kuhesabu." Alikuwa anaongea na wavu, si na mimi. "Kamba ya huku haifungwi kama ya Handeni. Hata mtoto wa huku anajua."

Nikaacha kumpa nyuzi. "Sasa mbona hukuniambia? Kila Jumapili unaniuliza mvua. Mbona hukusema?"

Alivuta fundo, akalikaza, akalitazama. "Nilitaka zianguke."

Mto ulikuwa unasikika. Upande wa pili wa uwanja mtu alikuwa anakata majani ya ng'ombe.

"Nilidhani zikianguka mtarudi," alisema baba. "Kila Jumapili nilitaka kukwambia, na kila Jumapili nikawa sikwambii."

Nilikasirika, siwezi kusema uongo. Niliwaza kucha zangu, kicheko cha uwanja mzima, mkasi wangu ambao tangu siku ile haukati hariri. Niliwaza kunyanyuka na kumwacha hapohapo. Lakini mimi pia nilikuwa na langu tangu harusi.

"Na mimi nilizichukua ukiwa msikitini."

"Najua. Mkeka ulikuwa mnene."

Basi nikacheka, yeye hakucheka, ila akanyoosha mkono kuomba uzi, nikampa. Alifanya kazi siku mbili. Siku ya pili akanionyesha namna ya kutundika kwa mvua: unaacha wavu uning'inie ovyo, umelegea kama kanzu ya kuazima, hautamaniki, halafu unaliachia anga limalizie. Nilimwomba abaki Jumamosi aone mechi. Akakataa.

"Wale mliowaacha huja kwangu Jumamosi," alisema.

Sikulijua hilo. Kumbe wasichana waliobaki, baada ya uwanja kuondoka, waliendelea kufika kwetu kila Jumamosi kwa mazoea tu, wanakaa uani, hawana la kufanya. Baba hakuwa na uwanja wa kuwapa, akawapa katani wasokote. Nilitaka kumwuliza kama beki wa kushoto naye huja. Badala yake nilimsindikiza stendi, nikampa mkate wa safari, akaondoka.

Baada ya hapo miaka ikaenda, nami nikaacha kudaka nikawa kocha. Wasichana wale sita walimaliza shule, mmoja ni muuguzi, wawili wameolewa hapahapa, wengine wametawanyika. Wakaja wengine. Leo hakuna hata mchezaji mmoja aliyezaliwa Handeni, lakini jina la kilima wanalipigia kelele utadhani kiko nyuma ya nyumba zao. Baba hakuja kutazama hata mechi moja. Simu zake zikahamia Jumamosi, mchezo ukiwa unaendelea, na swali ni lilelile: "Huko mvua zimeanza?" Zikiwa zimeanza nilimwambia zimeanza, tumelegeza. Akasema vizuri. Mwisho akauliza, "Mmefunga ngapi?" nikamwambia, akakata.

Lakini katani ikilowa na kukauka miaka kadhaa huoza. Nyavu za baba zilianza kukatika zenyewe, na msamaria mmoja akatuletea za plastiki, za bluu, hazijui mvua wala jua. Nikazitundika. Za baba nikazikunja nikaziweka juu ya kabati langu la vitambaa. Baba sikumwambia. Aliendelea kuuliza mvua, na mimi nikaendelea kujibu tumelegeza, misimu miwili mizima, nikiwa nimesimama mbele ya plastiki. Nilijiambia namkinga na huzuni. Ukweli ni kwamba niliogopa: swali lile ndilo lililokuwa limebaki kati yake na timu, na nikiliua, timu itakuwa yangu peke yangu.

Mwaka jana nilikwenda Handeni kula Idi. Baba amezeeka, macho yanamsumbua, vidole vimepinda hata kikombe anakishika kwa mikono miwili. Tulipomaliza kula alinituma stoo nilete gunia. Lilikuwa zito. Akaniambia nilifungue.

Zilikuwa nyavu mbili mpya za katani, nyeupe, zinanuka mkonge.

"Za Korogwe hizo," alisema. "Nimeongeza macho manne kila upande. Ya mvua."

Nilitazama vidole vyake. "Nani amefuma, baba?"

"Mimi napima tu. Wanafuma wale wa Jumamosi."

Nikautandaza wavu mmoja uani, kwenye mchanga, nikapiga magoti. Ukiishika kazi ya mikono kwa muda mrefu unajua mshono wa nani ni wa nani, na mafundo yale hayakuwa ya mtu mmoja. Safu ya kwanza yamebanwa sana, ya mtu mwenye wasiwasi. Ya pili yamepishana ukubwa. Ya tatu yote, kutoka ukingo hadi ukingo, yalielekea upande wa pili.

Nilikaa chini. Mama aliuliza kama nimeumia goti.

"Yuko wapi?" nilimwuliza baba.

"Hapo nyuma, anammenyea mama yako mihogo. Umempita ulipoingia."

Ni kweli nilimpita. Nilimsalimia mwanamke mwenye mtoto mgongoni bila kumtazama usoni, nikidhani ni jirani aliyekuja kwa ajili ya sikukuu. Nilimfuata jikoni. Kisu alikuwa amekishika kwa kushoto.

"Ulisema utakuja kunichukua," alisema. Hakuinua sauti.

"Nilisema."

"Mwaka wa kwanza nilikuwa nafua jezi yangu kila Ijumaa."

Kwa mara moja maishani sikutafuta utetezi. Nilimwomba msamaha, nikiwa nimechuchumaa katikati ya maganda ya mihogo na gauni la Idi nililoshona kwa wiki nzima. Alimenya muhogo mzima kabla ya kujibu.

"Sasa hata ukinichukua siendi," alisema. "Nina mahindi, nina huyu mgongoni. Lakini wavu uende."

Nilirudi Korogwe na gunia. Za plastiki nilizishusha siku hiyohiyo. Wasichana walizitazama nyavu mpya zilivyoning'inia, wakaanza kicheko, mmoja akasema wavu una kitambi, mwingine akaomba turudishe za bluu kabla watu hawajaja. Sikumwambia mtu akae kimya. Niliwaambia wasubiri mvua, na ikatubidi kusubiri mechi mbili za jua kali, tukizomewa na mwenyekiti, ambaye sasa ni bibi na ulimi wake uko palepale.

Mechi ya tatu mawingu yalishuka kutoka milima ya Usambara, na kipindi cha pili kikaanza na mvua nzito ya kunyooka. Nilisimama chini ya mwavuli nyuma ya goli la upande wa mto, nikitazama. Ilikuja polepole. Tumbo la wavu likapanda, likapanda, macho yakafunguka moja baada ya jingine hadi yote yakawa mraba. Milingoti haikusogea. Simu ikalia mfukoni.

"Huko mvua zimeanza?"

"Zimeanza, baba. Tumelegeza." Nikalia kidogo hapo, kwa sababu ilikuwa kweli.

Nyuma ya sauti yake palikuwa na watu, wanawake wengi wanaongea kwa pamoja. Ilikuwa Jumamosi. Mmoja akasema, nami nikaitambua sauti, "Muulize kama safu yangu imeshika."

Niliinama, nikauingiza mkono kwenye mvua, nikaigusa safu ya tatu kwa kidole. Ikaitika.

"Mwambie imeshika."

Baba akawaambia, nikasikia wanapiga vigelegele mvua ikinipiga mgongoni. Alingoja watulie.

"Haya," alisema. "Tumefunga ngapi?"

"Moja, baba," nikamwambia. "Tumefunga moja."